Immich: programu nzuri ya picha, mradi ujue vitu vyake vinakaa wapi

Immich ina kazi moja. Inachukua picha na video kutoka kwenye simu, inazipeleka kwenye mashine yako iliyo nyumbani, kisha inakuonyesha kwa tarehe, kwa sura za watu, kwa ramani na kwa maneno ya utafutaji. Kwa kazi hiyo moja, ndiyo programu huria tunayoiweka mbele ya zote za seva ya nyumbani. Nextcloud inabeba picha pia, lakini inazibeba pamoja na kalenda, hati na mengine mengi, na maktaba ikishakuwa kubwa uzito wake unaonekana. PhotoPrism inapendeza kwenye kivinjari, ila haina app rasmi ya simu ya kupakia picha. Ente ina kitu ambacho Immich haina kabisa: inasimba picha kabla hazijatoka kwenye simu, hivyo hata mwenye seva hawezi kuziona. Kama mashine yako inakaa mahali usipopaamini, anza na Ente.

Mradi wa Immich ulianzishwa na Alex Tran mwaka 2022. Tangu Mei 2024 unafadhiliwa na kampuni ya FUTO, na leseni yake ni ile huria ya AGPL toleo la 3. Kulipia ni hiari na hakuna kipengele kilichofungwa kwa asiyelipa. Kwa miaka zaidi ya mitatu watengenezaji wenyewe waliwaonya watu wasiiachie picha zao bila nakala nyingine, kwa sababu kila baada ya wiki chache kitu kilibadilika na usakinishaji wa zamani ukavunjika. Toleo 2.0.0, lililotoka Oktoba 2025, ndilo la kwanza kutangazwa kuwa imara. Ushauri wa kuwa na nakala nyingine, hata hivyo, haujafutwa, wala haufai kufutwa.

Jambo la kulielewa kabla ya yote ni kwamba Immich inaigawa mali yako sehemu mbili. Picha asilia zinakaa kwenye diski kama faili za kawaida, ambazo unaweza kuzifungua hata bila Immich. Albamu, majina ya watu, zile ulizoziwekea alama ya kipenzi, nani ameshirikishwa nini, hayo yote yamo kwenye hifadhidata ya PostgreSQL (kwa kifupi Postgres). Karibu kila hitilafu inayowaliza watu inatokana na kushughulikia sehemu moja na kuisahau nyingine.

Mashine na diski

Mahitaji rasmi ni RAM ya GB 6 kwa uchache, GB 8 ndiyo inayopendekezwa, na prosesa yenye koa (cores) 2, afadhali 4. GB 4 inatosha endapo utazima sehemu ya kujifunza kwa mashine, yaani utafutaji wa maneno na utambuzi wa sura. Lakini ukizizima hizo umebaki na folda yenye ukurasa mzuri tu. Kompyuta ndogo yenye Intel N100 inaifanya kazi hii bila shida, na chipu ya michoro iliyomo ndani yake inasaidia kubadilisha video kupitia Quick Sync, teknolojia ya Intel ya kazi hiyo. Raspberry Pi 5 yenye GB 8 inaweza, ila uchambuzi wa kwanza wa maktaba kubwa utachukua siku kadhaa. Tahadhari kwa wanaofufua kompyuta za zamani sana: sehemu ya kujifunza kwa mashine inataka prosesa ya kiwango cha x86-64-v2 au zaidi. Kwenye prosesa iliyo chini ya hapo kontena yake (kisanduku cha Docker kinachoiendesha) inakufa kila inapowaka, na hakuna mpangilio wa kuliponya hilo.

Hesabu ya diski watu wengi huikosea. Juu ya picha asilia, Immich inatengeneza picha ndogo za kuonyesha na video zilizobadilishwa, na hizo huongeza asilimia 10 hadi 20. Kwa hiyo picha za GB 500 zitakaa kwenye GB 550 hadi 600. Hifadhidata yenyewe ni ndogo, kwa kawaida GB 1 hadi 3, lakini ndiyo inayoguswa kila unapovuta ukurasa kwa kidole, hivyo iweke kwenye SSD. Picha zinaweza kubaki kwenye diski ya kawaida ya kuzunguka bila tabu. Ukilazimika kuweka hata hifadhidata kwenye diski ya kuzunguka, ondoa alama ya maoni (#) kwenye mstari wa DB_STORAGE_TYPE: 'HDD' ndani ya faili ya docker-compose.yml, utakayoikuta kwenye usakinishaji hapa chini, ili Postgres ijirekebishe ipasavyo.

Usakinishaji

Njia inayoungwa mkono rasmi ni Docker Compose, chombo kinachowasha kontena kadhaa kwa kusoma faili moja, na hatuoni sababu ya kuitafuta nyingine. Tengeneza folda, pakua docker-compose.yml na example.env kutoka kwenye toleo jipya la mradi GitHub, badilisha jina la faili ya pili iwe .env, jaza mistari yake, kisha:

docker compose up -d

Kontena nne zitawaka: seva yenyewe, sehemu ya kujifunza kwa mashine, Valkey ya kupanga foleni za kazi, na Postgres yenye kiendelezi cha VectorChord kinachowezesha kutafuta picha zinazofanana. Fungua kivinjari kwenye anwani ya mashine, mlango (port) 2283. Mtu wa kwanza kujisajili ndiye msimamizi, kwa hiyo jisajili mara moja, usiache ukurasa huo ukisubiri.

Faili ya .env ni fupi lakini ina mitego mitatu. Wa kwanza ni DB_DATA_LOCATION, mahali pa hifadhidata. Hapa hapaelekezwi kwenye folda ya mtandao, iwe NFS au SMB: Postgres inahitaji uhakika wa uandishi ambao folda hizo haziutoi, na matokeo yake ni hifadhidata iliyoharibika ambayo utaigundua siku nyingi baadaye. Vilevile diski ya USB yenye NTFS au exFAT haifai, kwa kuwa mifumo hiyo ya faili haihifadhi umiliki na ruhusa za Linux. Postgres itakataa kuwaka, na kontena itajirudia bila mwisho. Tumia ext4, Btrfs au ZFS.

Wa pili ni DB_PASSWORD. Weka herufi na tarakimu pekee, A hadi Z, a hadi z, 0 hadi 9. Alama kama $ au # husomwa vibaya njiani. Na ukishawasha mara ya kwanza, kubadilisha nenosiri kwenye .env hakulibadilishi ndani ya Postgres, maana hulisoma siku ya kuzaliwa kwa hifadhidata tu. Ukiona kwenye kumbukumbu za kontena (logs) ujumbe kwamba uthibitishaji wa nenosiri umeshindikana, rudisha lile la mwanzo kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.

Wa tatu ni UPLOAD_LOCATION iliyo kwenye diski ya nje. Umeme ukikatika na kurudi, mashine inaweza kuwaka kabla diski haijapachikwa, na Docker ikakuta folda tupu. Hapa Immich inastahili sifa: ndani ya kila folda yake inaweka faili ndogo iitwayo .immich, na isipoikuta inagoma kuwaka badala ya kuanza kuandika picha mahali pasipo penyewe. Wengi hukutana na kosa hili na kukimbilia kutengeneza faili hizo kwa mkono ili seva iwake. Usifanye hivyo. Angalia kwanza diski kwa amri ya df -h. Ukikuta haijapachikwa, ipachike kwa UUID (kitambulisho chake cha kudumu) kwenye /etc/fstab, faili ya Linux inayoorodhesha diski za kupachika, kisha washa kontena upya.

Kabla ya kupakia picha hata moja, nenda kwenye mipangilio ya msimamizi ukawashe kiolezo cha hifadhi. Kwa kawaida kimezimwa, na faili zinaandikwa kwa majina marefu ya tarakimu na herufi yasiyomwambia mtu chochote. Kikiwashwa, picha inakaa kwenye njia kama library/jina/2024/2024-05-12/IMG_1234.jpg. Siku Immich ikikufa, au ukiamua kuhama, unabeba folda za miaka kama zilivyo. Ukikiwasha baadaye inawezekana pia, ila lazima uendeshe kazi ya kuhamisha faili zote. Onyo moja tu: usiingie humo kwa mkono kuhamisha au kubadilisha jina la faili. Hifadhidata imeandika njia kamili ya kila picha, na itakuonyesha mraba mtupu pale faili ilipokuwa.

Kuingiza picha za zamani

Hapa ndipo muda mwingi unakwenda. Picha zilizotoka Google kupitia Takeout, huduma yake ya kupakua data yako, zinakuja kwenye zip, kila picha ikiwa na faili ya JSON pembeni yenye tarehe, mahali na maelezo. Ukizipakia kwa kuburuta kwenye kivinjari, JSON zinaachwa nyuma, na marekebisho yote ya tarehe uliyoyafanya miaka hiyo yanapotea. Tumia immich-go, chombo tofauti kilichotengenezwa kwa kazi hii:

immich-go upload from-google-photos --server=http://ANWANI:2283 --api-key=UFUNGUO takeout-*.zip

Kipe zip zote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu picha inaweza kuwa kwenye zip ya tatu na JSON yake kwenye ya nne. Kazi ikikatika katikati, irudie tu. Kila faili inalinganishwa kwa alama yake ya SHA-1 na iliyokwisha kuingia haiingii tena.

Picha za WhatsApp ni tatizo la aina nyingine. WhatsApp inafuta taarifa za EXIF (tarehe na mengine yaliyoandikwa ndani ya faili ya picha) inapotuma, hivyo Immich inabaki na tarehe ya faili, na kama faili ilinakiliwa jana, harusi ya mwaka 2019 itaonekana imefanyika jana. Jina la faili, mfano IMG-20190412-WA0003.jpg, lina tarehe ya kweli, na immich-go inaweza kuisoma humo. Fanya hivyo wakati wa kuingiza. Kurekebisha tarehe za picha elfu moja baadaye kwenye kivinjari ni adhabu.

Mwenye folda iliyopangwa vizuri kwa miaka mingi hana haja ya kuipakia. Ipachike kama maktaba ya nje: ongeza kwenye volumes za seva (orodha ya folda za kupachika, ndani ya docker-compose.yml) mstari wenye :ro mwishoni ili Immich isome bila kuweza kuandika wala kufuta. Kosa la kawaida ni kuandika kwenye ukurasa wa msimamizi njia ya diski ya mashine badala ya njia iliyomo ndani ya kontena. Ukiandika /mnt/diski/picha:/nje:ro, basi Immich inaijua /nje peke yake.

Sura na utafutaji

Utambuzi wa sura unashangaza kwa ubora wake. Mtu anaanza kuhesabiwa akionekana mara 3, na umbali unaokubalika kati ya sura mbili ni 0.5. Watoto ndio wanaoyumbisha, kwa kuwa sura ya miezi sita na ya miaka sita ni kama watu wawili. Utayaunganisha makundi hayo kwa mkono. Ndugu wanaofanana sana wakiunganishwa kimakosa, punguza umbali hadi 0.45 au chini kidogo. Lakini kuupunguza kunadai kupanga sura zote upya, na majina uliyokwisha kuyaandika yanaweza kupotea, hivyo jaribu namba hizi wiki ya kwanza, kabla hujakaa na familia kutaja watu mia.

Utafutaji wa maneno ndio unaohitaji kazi ya ziada kwa sisi wasomaji wa Kiswahili. Modeli inayokuja nayo, ViT-B-32__openai, ilifunzwa kwa Kiingereza. Andika “beach” upate fukwe. Andika “ufukweni” upate lolote. Kwenye mipangilio ya kujifunza kwa mashine unaweza kuweka modeli ya lugha nyingi, mathalani XLM-Roberta-Large-Vit-B-32, ambayo msingi wake wa lugha ulifunzwa kwa lugha 100, Kiswahili kikiwemo. Jina liandikwe lilivyo, herufi kubwa na ndogo zikiheshimiwa. Kisha endesha upya kazi ya utafutaji mahiri kwa picha zote, la sivyo utakuwa unatafuta kwa modeli mpya ndani ya alama za modeli ya zamani na majibu hayatakuwa na maana. Modeli hii ni nzito. Kwenye RAM ya GB 8 yenye huduma nyingine utaona mashine ikibanwa, na GB 16 ndipo pa kupumulia. Ijaribu kwa maneno unayoyatumia kweli nyumbani kabla ya kuamua kuibakiza.

Kama seva ni dhaifu na una kompyuta yenye kadi ya michoro, kontena ya kujifunza kwa mashine inaweza kuendeshwa huko peke yake, mlango 3003, hadi uchambuzi wa kwanza uishe. Mlango huo hauna ulinzi wowote, kwa hiyo usivuke mtandao wa ndani. Wakati wa uchambuzi, punguza idadi ya kazi zinazokwenda kwa pamoja hadi 1 au 2 kwa kila foleni. Ukiiachia mashine ndogo, app ya simu itaonekana kama imekufa.

Simu na kufika kutoka nje

Kwenye Android, zima uokoaji wa betri kwa Immich, vinginevyo mfumo utaiua usiku na picha zitapanda siku utakapoifungua. Kwenye iPhone, mfumo ndio unaoamua lini app ifanye kazi nyuma ya pazia; Immich haina uwezo wa kulazimisha. Kwa upakiaji wa kwanza, kwa simu zote mbili, iache app wazi, simu ikiwa kwenye chaja na Wi-Fi. Picha zilizobanwa na iCloud ili kuokoa nafasi lazima zishushwe kwanza, na hapo ndipo kasi inapoanguka.

Kwa matumizi ya nje ya nyumba, VPN kama WireGuard au Tailscale inatosha familia nyingi, na Tailscale inafanya kazi hata pale mtoa huduma anapowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP. App ina mpangilio mzuri wa kutumia anwani ya ndani ikiona jina la Wi-Fi ya nyumbani na ya nje ikiwa kwingine. Usifungue mlango 2283 kwenye ruta moja kwa moja: hapo hakuna HTTPS, na nenosiri linasafiri wazi.

Ukiweka Nginx mbele kama proksi, yaani seva inayopokea maombi na kuyapeleka kwa Immich, video zitagoma kupanda zikitoa kosa 413, kwa kuwa kikomo chake cha kawaida ni MB 1. Weka client_max_body_size 50000M na uongeze muda wa kusubiri wa proksi. Ukipitisha anwani yako kwenye Cloudflare, mpango wake wa bure una kikomo cha MB 100 kwa kila upakiaji, na hicho hukibadilishi kwa upande wako. Dakika chache za video ya 4K zinakipita.

Yanayopungua

Albamu hazina albamu ndani yake, jambo litakalomkera aliyezoea folda ndani ya folda. Hakuna usimbaji wa picha kwenye diski: mwenye kuingia kwenye seva anaona picha za kila mwanafamilia, hata zilizo kwenye folda iliyofungwa kwa PIN. Waambie watu wa nyumbani hilo waziwazi kabla hujawasajili. Marekebisho ya tarehe na maelezo yanaandikwa kwenye faili ya XMP ya pembeni bila kugusa picha asilia. Sisi tunalihesabu hilo kuwa zuri, ila ukinakili picha bila XMP umeyaacha marekebisho.

Nakala rudufu

Kila saa 8 usiku, yaani 02:00, Immich inatoa nakala ya hifadhidata na kuiweka kwenye folda ya backups, ikibakiza 14 za mwisho. Folda hiyo iko ndani ya UPLOAD_LOCATION, yaani kwenye diski ileile ya picha. Diski ikifa, vyote vimekufa. RAID, yaani diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja, nayo haisaidii faili ikifutwa kwa makosa. Inafuta pande zote mbili kwa uaminifu uleule.

Tumia restic au BorgBackup kupeleka folda za library, upload, profile na backups kwenye diski nyingine, na nakala moja iwe nje ya nyumba. Thumbs na encoded-video unaweza kuziacha, maana zinatengenezwa upya. Utaratibu una maana yake: hifadhidata kwanza, faili baadaye. Picha ikiingia katikati ya hatua hizo mbili, utakuwa na faili isiyojulikana na hifadhidata, ambayo unaipakia tena na imekwisha. Ukigeuza utaratibu, hifadhidata itaitaja picha ambayo haimo kwenye nakala.

Kusasisha ni docker compose pull, kisha docker compose up -d, baada ya kusoma maelezo ya toleo na kuhakikisha nakala ya usiku ipo na si faili tupu. Kwenye .env, IMMICH_VERSION=v2 inakuweka ndani ya mfululizo wa 2 usije ukarukia 3 bila kujua. Usiiachie programu nyingine isasishe yenyewe usiku.

Jaribu kurejesha kwenye mashine nyingine yenye toleo lilelile, hifadhidata ikiwa mpya kabisa isiyowahi kuwashwa na seva. Rudisha folda, rudisha nakala ya Postgres, washa, kisha endesha kazi ya picha ndogo kwa zinazokosekana. Usitazame idadi ya picha tu. Fungua ukurasa wa watu: majina yakiwa yamerudi na albamu zikifunguka, nakala yako ni nzima. Picha zikionekana lakini watu wote hawana majina, umebeba faili ukaiacha hifadhidata, na ratiba ya usiku inahitaji kurekebishwa leo, diski ya kwanza ingali hai.